Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi: tupimeni presha kwenye maghala ya korosho

Kwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Waganga Wakuu wa Mikoa na Halmashauri, Wakurugenzi, Waheshimiwa Madiwani, na viongozi wa vyama vikuu vya ushirika: MAMCU, TANECU, RUNALI na Lindi Mwambao.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni karani wa chama cha msingi hapa wilayani Newala. Msimu ukifunguliwa Oktoba, mpaka mnada wa mwisho upite, nashinda ghalani: napokea korosho, napima, naandika stakabadhi, namjibu mkulima anayeuliza malipo yake yamefikia wapi. Watu wazima wa vijiji vinavyotuzunguka, wake kwa waume, karibu wote hupita mbele ya meza yangu. Ndiyo maana nimeona niandike mimi.

Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema. Msimu ujao utakapofunguliwa, kila ghala la chama cha msingi liwe na meza ya kupima shinikizo la damu, na zahanati iliyo karibu na ghala hilo iwe na vidonge vya presha mwaka mzima kwa wale watakaokutwa nayo. Mambo hayo mawili yaende pamoja. Kupima bila dawa ni kumtisha mtu na kumwacha njiani.

Mnivumilie nieleze jambo ambalo waganga miongoni mwenu wanalijua kunizidi, kwa sababu bajeti hazipitishwi na waganga peke yao. Moyo wa mtu mzima hauzidi sana ukubwa wa ngumi yake, na uzito wake ni kama gramu 300. Hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Mtu akiwa ametulia tu, amekaa barazani, moyo wake unasukuma karibu lita 5 za damu kila dakika, na kwa siku nzima hiyo ni zaidi ya lita 7,000. Figo peke yake hupokea kiasi cha sehemu moja ya tano ya damu hiyo ili ziichuje. Ubongo, ambao uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, huchukua asilimia 15 hivi, na ukikosa damu kwa dakika chache sehemu yake huanza kufa. Moyo wenyewe nao una mishipa yake inayoulisha, na hiyo ikiziba, msuli wa moyo hufa palepale ulipo. Kwa hiyo anayesema ugonjwa wa moyo ni wa moyo tu hajaona mgonjwa. Moyo ukiumwa, ubongo, figo, macho, mapafu na miguu vyote vinaingia kwenye mgonjwa huyo mmoja.

Presha ni njia kuu ambayo uharibifu huo huingilia. Kipimo cha chini ya 120 kwa 80 ni salama. Kikifika 140 kwa 90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku nyingine, mtu huyo ana shinikizo la juu la damu. Ukuta wa upande wa kushoto wa moyo hunenepa kwa kusukuma damu kwenye mishipa iliyokaza. Mwanzoni mwenyewe hajui lolote. Analima, anapalilia, anabeba magunia. Miaka inavyokwenda ukuta ule unakakamaa, kisha unalegea na kutanuka, na damu inayoingia haitoki yote. Hapo ndipo maji yanapojaa miguuni na kwenye mapafu. Mtu hawezi tena kulala chali, anaegemea mito mitatu, anaamka usiku wa manane akitafuta pumzi dirishani. Huku kwetu wengi wa namna hiyo huambiwa wana safura, au wamechezewa na watu. Utafiti uliofanyika kwenye hospitali za nchi 9 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2012 uliwakuta wagonjwa waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi wakiwa na wastani wa miaka 52, na chanzo kikubwa kuliko vyote kilikuwa presha. Miaka 52, Waheshimiwa! Kwa hesabu za hapa ghalani huyo ni mtu anayesomesha watoto sekondari na bado anapanda mikorosho mipya.

Sasa niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu.

Msimu mmoja muuguzi alikuja ghalani kufuatilia malipo ya korosho za mama yake, na mkobani alikuwa na mashine yake ya presha. Foleni ilikuwa ndefu, mtandao unasumbua, watu wamekaa juu ya magunia kwenye kivuli cha ukuta. Akaanza kupima waliokuwa karibu naye. Mzee mmoja tunayemheshimu, ambaye alikuwa ametoka kushusha gunia kwenye baiskeli yake mwenyewe, alinyoosha mkono kwa kuwa wenzake walimsukuma. Mashine ikaonyesha 198 kwa 116. Muuguzi akamwomba akae kimya, miguu chini, mgongo uegemee, mkono uwe juu ya meza yangu. Akapima tena baada ya muda: 192 kwa 112. Mzee akamtazama akasema, "Mwanangu, mbona mimi sisikii kitu? Hata kichwa hakiniumi." Muuguzi akamjibu kwa upole kwamba wengi hawasikii kitu, akamwandikia namba zile kwenye kipande cha karatasi ya stakabadhi iliyoharibika, akamsihi aende zahanati kesho yake.

Alikwenda. Mashine ya zahanati ilikuwa imekufa, akaambiwa aende kituo cha afya. Kule alipimwa vizuri, akaandikiwa dawa, dirishani akaambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Akanunua kadi moja ya vidonge 10 kwenye duka la dawa muhimu. Vilipoisha hakurudi, kwa sababu alijiona mzima na kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba dawa ile ni ya kila siku na haina mwisho wa kopo. Wakati wa palizi alianguka uani alfajiri, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Nyumbani wakasema ni upepo, wakampeleka kwanza kwa fundi, na hospitali wakafika siku ya tatu. Leo mkewe ndiye anayemwogesha na kumlisha, na ndiye anayeleta korosho ghalani, chache, kwa sababu shamba limeingia msitu.

Sitaji jina la zahanati wala la kituo hicho, kwa sababu sitaki mfamasia mmoja au mganga mfawidhi mmoja aitwe kujieleza kisha mambo yaishe. Hadithi hiyo ingeweza kutokea Tandahimba, Nanyumbu, Ruangwa au Liwale. Mnyororo ulikatika sehemu nne: mashine, dawa, maelezo na ufuatiliaji. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji daktari bingwa.

Nataka nilisisitize hilo la daktari bingwa. Tunajivunia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na wazee wetu waliokuwa wanapelekwa Muhimbili kwa kila jambo wanajua thamani yake. Tunaijua pia Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 na kuokoa wengi ambao zamani walikuwa wanasubiri kupelekwa India. Lakini kiharusi hakisubiri. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya hapo lazima mgonjwa apigwe picha ya CT kuhakikisha si mshipa uliopasuka. Mtu aliyeanguka alfajiri kwenye kijiji cha bondeni, akatolewa kwa bodaboda amefungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva, saa hizo zinamwishia njiani. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala, kilomita 210, imekuwa ikijengwa lami kwa vipande. Tunashukuru kwa vilivyokamilika, ila mvua ikinyesha kwenye vipande vingine kila mtu anajua hali. Na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara kuu ilikatika upande wa Kilwa, magari yakakwama siku kadhaa. Wagonjwa wa rufaa hawakuwa na pa kupita. Kwa mtu wa kusini, tiba ya kiharusi iliyo ya uhakika ni kile kidonge alichomeza jana na juzi. Tafiti zilizojumlisha wagonjwa wengi zimeonyesha kwamba kushusha ile namba ya juu kwa 10 tu hupunguza hatari ya kiharusi kwa takriban robo.

Nimewahi kusikia kwenye kikao mtu akisema presha ni ugonjwa wa watu wa mjini, wenye vitambi na magari. Takwimu za nchi zinakataa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu. Jembe linasaidia moyo, ni kweli, na mkulima anayetembea kwenda shamba kila siku ana nafuu kuliko anayekaa ofisini. Lakini jembe haliondoi urithi wa ukoo, wala umri, wala tumbaku, wala nipa inayonywewa msimu wa mabibo, wala chumvi.

Chumvi naomba niiseme kwa uangalifu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Sisi watu wa juu huku Makonde tunaletewa papa mkavu na samaki wa chumvi kutoka pwani kwa sababu ndio wanaofika bila kuoza. Pwani yenyewe, Lindi na Kilwa, watu wanavuna chumvi kwa mikono yao. Mama anayepika kisamvu bila nazi na bila kitoweo huongeza chumvi ili watoto wale. Wataalamu wafundishe kuloweka samaki wa chumvi na kumwaga maji, wafundishe kuonja kabla ya kuongeza, yote hayo ni mema. Ninachoomba ni kwamba mafundisho ya chakula yasigeuzwe kuwa kisingizio cha kukosa dawa. Mtu mwenye 198 hatashuka kwa kupunguza chumvi peke yake, na si haki kumfanya ajione ndiye mkosaji wakati dirisha la dawa ni tupu.

Kuna jambo jingine ambalo nimeliona kwa kuwa naandika majina. Wanawake wa umri wa kuzaa wamewahi kufungwa ule mkanda mkononi, kwa sababu kliniki ya wajawazito inawapima kila hudhurio ili kukamata kifafa cha mimba mapema. Wanaume hawana kliniki. Wanawake waliokwisha kumaliza uzazi nao hawana tena sababu ya kwenda. Kwa hiyo wajomba wetu, baba zetu na bibi zetu, hao hasa ambao umri umewaweka kwenye hatari kubwa zaidi, ndio ambao mfumo haukutani nao mpaka waanguke. Lakini ghalani wanakuja wenyewe. Hawaitwi kwa kipaza sauti, hawapewi nauli. Wanakuja na korosho zao, wanasubiri, na siku ya mnada wanakaa saa nzima au zaidi wakijadili wakubali bei au wakatae. Mizani yangu hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, na mkulima ana haki ya kuniuliza stika iko wapi. Gunia lake najua uzito wake bila ubishi. Yeye mwenyewe, mwenye gunia, hakuna aliyempima.

Lindi mna bahati zaidi katika hili, kwa sababu mna ufuta, na minada yake huwa katikati ya mwaka. Aliyepimwa kwenye korosho Novemba anaweza kupimwa tena kwenye ufuta Juni, na namba zake zikalinganishwa.

Msiniambie kwamba kazi ya namna hii haiwezekani vijijini, maana tumekwisha kuifanya. Kwenye kingatiba ya matende, mgawa dawa wa kijiji alikuja mlangoni na fimbo yake ya kupimia kimo, akamsimamisha kila mtu, akahesabu vidonge kulingana na urefu, akasimama mpaka vimezwe. Hakuwa daktari. Alikuwa jirani aliyefundishwa akafundishika. Na kwenye kliniki za CTC, yaani za tiba na matunzo, mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ana kadi, ana tarehe, anapewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo bila malipo, na asipofika anatafutwa. Utaratibu huo umewarudisha shambani watu tuliokwisha kuwakatia tamaa. Presha nayo ni ugonjwa wa maisha unaotulia kwa kidonge cha kila siku. Sioni sababu mgonjwa wake awe yatima kwenye zahanati ileile ambayo mgonjwa wa jirani yake anapokelewa kwa jina.

Kuhusu fedha, naongea kama mtu ninayeona makato. Ushuru wa mazao ya biashara unaokwenda halmashauri ni asilimia 3. Mwaka 2024 bei ya mnada ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo kila kilo inaiachia halmashauri shilingi 120, na gunia la kilo 80 linaiachia shilingi 9,600. Dawa kama amlodipini ni za zamani, zinatengenezwa na viwanda vingi, na ni miongoni mwa dawa nafuu zilizopo. Sijaomba jengo, wala gari. Naomba Madiwani mtenge sehemu ndogo ya ushuru huo, iandikwe kwa jina lake kwenye bajeti, iwe ya vidonge vya presha na betri za mashine, na isihamishiwe kwingine mwaka ukifika katikati. Bohari ya Dawa ina ofisi ya kanda hapa hapa Mtwara. Zahanati zikiomba kwa idadi ya wagonjwa halisi waliopimwa, badala ya kukisia, dawa hazitaisha mwezi wa pili wala hazitaoza stoo. Na kwa kuwa Bunge limekwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nawaomba Waganga Wakuu mpiganie dawa hizi zipatikane kwa bima ngazi ya zahanati. Mkulima akiambiwa dawa yake ya kila siku iko hospitali ya wilaya tu, nauli ya kila mwezi itamshinda hata kama dawa yenyewe ni bure.

Mashine ziwe zile za mkononi, za mkanda wa juu ya kiwiko, zilizothibitishwa, na zije na mkanda mkubwa kwa wenye mikono minene, maana mkanda mdogo hudanganya. Mpimaji awe mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa: mtu apumzike dakika tano, asiwe ametoka kushusha gunia, asizungumze, apimwe mara mbili. Mwenye 180 kwa 110 au zaidi apelekwe siku hiyohiyo. Wengine wapewe kadi na tarehe. Majina yaandikwe kwenye daftari linalobaki zahanati, na kila baada ya miezi mitatu mhudumu apite kuwaona wasiofika. Siri za watu zitunzwe. Pima kwenye chumba, si mbele ya foleni, kwa sababu muuguzi wetu yule alipima mbele za watu kwa nia njema na kuna waliokataa kwa aibu.

Kuhusu watoto nitasema kwa kifupi, ingawa ningeweza kuandika barua nyingine. Mtoto anayeumwa koo mara kwa mara na asitibiwe anaweza kupata homa ya baridi yabisi, inayokula vali za moyo wake. Akikua, akishika mimba au akianza kazi nzito, ndipo vali zile hudai. Penisilini ikitolewa mapema inaweza kuzuia hayo. Walimu na wahudumu waambiwe koo la mtoto halitibiwi kwa maji ya chumvi peke yake.

Wenzangu wa TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao, ninyi mnaweza kuanza hata kabla ya halmashauri kukaa. Kila mwaka tunafanya mafunzo ya makarani na watunza maghala kabla ya msimu. Ongezeni saa moja, mwiteni Mganga Mkuu wa Halmashauri atuelekeze dalili za kiharusi: uso kupinda, mkono kulegea, maneno kugongana. Tukizijua, mtu akianguka ghalani au tukisikia ameanguka nyumbani, tutasema hospitali kwanza, na tuna simu za madereva wote wa bodaboda wa eneo letu.

Ghala letu lina chumba kidogo cha ofisi chenye meza, viti viwili na mlango unaofungika. Nimekwisha kuongea na mwenyekiti wa chama na bodi, nao wameridhia kitumike kwa kupimia siku zote za kupokea korosho na siku za mnada. Bajeti za halmashauri zinapitishwa kabla ya Julai na msimu unafunguliwa Oktoba. Naomba jibu la maandishi kupitia ofisi ya kijiji au chama kikuu, linalosema mhudumu ni nani, mashine inatoka wapi, na dawa zitafika zahanati lini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Karani wa chama cha msingi cha ushirika,
Newala, Mtwara